Kurudisha Windows 10 kwenye Kompyuta Mpya Iliyokuja na Windows 11: Mwongozo Kamili

Kompyuta mpya zinazouzwa katika maduka ya Tanga siku hizi huja na Windows 11 ikiwa imeshawekwa kiwandani, na wengi wanaotaka kuiondoa warudi Windows 10 ni watu wa kazi: mwenye steshenari ya Ngamiani ambaye mashine yake ya fotokopi imegoma kutuma kurasa ilizoskani kwenye kompyuta mpya, mhasibu wa ghala ambaye programu yake ya mahesabu iliandikwa zamani, au mwenye karakana ya kudarizi kofia na kanzu ambaye programu yake ya michoro imefungwa kwa kidude cha leseni kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ombi lenyewe huja kwa maneno machache, “Fundi, nipigie Windows 10,” na mafundi wengi huchukua flashi wakafuta diski papo hapo. Kusakinisha kwenyewe mara nyingi hakufiki saa nzima. Uzuri au ubaya wa kazi hii huamuliwa na yale yaliyofanywa kabla diski haijafutwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hatua ambazo Windows 11 ingali ndani ya mashine.

Je, ni lazima kurudi nyuma?

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na muda wake wa kawaida wa kupata masasisho ya usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi, Microsoft iliongeza mpango wa masasisho ya ziada unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Anayerudi Windows 10 leo, kwa hiyo, anahamia kwenye mfumo ambao tarehe yake ya mwisho inajulikana, na gharama hiyo ipimwe kwanza na tatizo analotaka kulikimbia. Mara nyingi tatizo lenyewe hutibika bila kufuta chochote.

Tuchukue kidude cha leseni cha karakana ya kudarizi. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huja na kinga iitwayo Memory integrity ikiwa imewashwa, nayo huzuia draiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) za zamani zisizokidhi masharti yake. Mtumiaji huona tu kwamba programu haikitambui kidude chake. Fungua Windows Security, nenda Device security, kisha Core isolation details, uzime Memory integrity, uwashe mashine upya na ujaribu tena. Kinga hiyo ina faida, na kuizima ni kupunguza usalama, lakini kuizima kwenye mashine inayoongoza cherehani ya kudarizi ni hasara ndogo kuliko kuhamia mfumo mzima uliokwisha muda. Kabla ya hapo, mwombe aliyeuza programu akupe draiva mpya ya kidude, kwa sababu mara nyingine ipo na mwenye mashine hakuwahi kuambiwa.

Habari ya fotokopi nayo ina chanzo chake. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 Pro hudai kwamba mawasiliano yote ya mafaili katika mtandao wa ndani, yanayopita kwa itifaki iitwayo SMB, yawe na saini ya kidijitali, na mashine nyingi za zamani za kuskani haziwezi kuitoa saini hiyo. Ukifungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika amri ifuatayo, sharti hilo huondoka:

Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false

Ongeza hapo akaunti ya ndani yenye nywila, maalumu kwa ajili ya fotokopi, na uipe ruhusa ya kuandika kwenye folda moja tu. Ikiwa fotokopi ni kongwe kiasi kwamba inajua toleo la kwanza la itifaki hiyo pekee, Windows 10 nayo haitakusaidia, kwa kuwa usakinishaji mpya wa Windows 10 wa tangu mwaka 2017 huja bila toleo hilo.

Programu za kale zaidi, zile za biti 16 za enzi ya DOS na Windows 3.1, zina ugumu wa aina nyingine. Windows 11 ina toleo la biti 64 tu, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Windows 10 ina toleo la biti 32 linaloweza kuziendesha, na hapo wengi hudhani wamepata jibu. Lakini kompyuta mpakato mpya karibu zote huwasha mifumo ya biti 64 pekee, kwa hiyo toleo hilo halitawaka. Jibu la programu hizo ni DOSBox, programu inayoiga DOS, au kompyuta pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) ndani ya VirtualBox yenye mfumo wa zamani unaohitajika. Ushauri huohuo unamfaa anayetaka Windows 7, ambayo iliacha kupata masasisho tarehe 14 Januari 2020 na ambayo kisakinishi chake hakina draiva za USB 3.0 wala za diski za kisasa za NVMe. Kuihangaikia kwenye mashine ya leo ni kujitafutia adha. Iweke kwenye kompyuta pepe, iendeshe programu yake, basi.

Wapo pia wanaotaka kurudi nyuma kwa sababu mashine ni nzito. Kompyuta mpakato ya bei nafuu yenye RAM ya GB 4 itakuwa nzito kwenye mfumo wowote kati ya hii miwili, na fedha za fundi zitafanya kazi zaidi zikinunua RAM ya kuongeza, ikiwa mashine ina nafasi ya kuongezwa.

Sababu inayobaki kuwa ya haki ni moja hasa: kifaa au programu ambayo mtengenezaji wake anaihudumia kwenye Windows 10 pekee, baada ya tiba zilizotajwa hapo juu kujaribiwa zikashindikana. Kama hiyo ndiyo hali yako, endelea.

Kuichunguza mashine

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na uandike kwenye karatasi modeli ya kompyuta, aina ya prosesa na toleo la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Kisha fungua Settings, System, About, uone kama toleo lililowekwa ni Home au Pro. Jambo hili la mwisho lina uzito wa kisheria na wa kiufundi. Leseni ya Windows 11 Pro iliyokuja na mashine ina haki ya kurudi Windows 10 Pro; leseni ya Home haina haki hiyo katika masharti yake, na mwenye mashine ya Home anapaswa kuwa na leseni yake ya Windows 10 au ya Pro. Kiufundi, ufunguo wa leseni wa kompyuta mpya umehifadhiwa ndani ya bodi mama, na kisakinishi cha Windows 10 huusoma chenyewe kikachagua toleo linalolingana nao bila kukuuliza. Unaweza kuusoma kwa PowerShell:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Herufi na tarakimu 25 zitakazotokea zinakiliwe mahali salama nje ya mashine hiyo.

Baada ya hapo ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, andika namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na utazame kama orodha ya draiva ina Windows 10. Hapa ndipo uamuzi hufanyika. Ikiwa orodha ipo na ina draiva za chipuseti, picha, sauti, Wi-Fi na tachipedi, kazi itakuwa nyepesi. Ikiwa orodha ina Windows 11 tu, kazi bado inawezekana, lakini mweleze mwenye mashine mapema kwamba kamera, kisomaji cha alama za vidole au sauti vinaweza kubaki bubu. Mashine zenye prosesa za Snapdragon X ziache kama zilivyo, kwa kuwa hazihudumiwi na Windows 10. Na mashine za Intel kuanzia kizazi cha 12, zenye viini vikubwa na vidogo kwa pamoja, zitafanya kazi kwenye Windows 10, ila mfumo huo hauelewi vizuri kazi ipi ipelekwe kwenye viini vipi, hivyo programu nzito inaweza kwenda polepole kuliko ilivyokuwa kwenye Windows 11. Wi-Fi nayo itakosa masafa ya GHz 6 na uwezo wa Wi-Fi 7, jambo ambalo wengi hawataliona kwa kuwa ruta zao hazina masafa hayo.

Kuhifadhi kabla ya kufuta

Anza na usimbaji wa diski, yaani kufichwa kwa data yake ili isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe mara mwenye mashine anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

manage-bde -status

Kama diski ya C imesimbwa, nakili kwanza ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, ambao huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Kisha iondolee usimbaji kabisa:

manage-bde -off C:

Kazi hiyo huendelea kimyakimya kwa dakika kadhaa au zaidi, na amri ya kwanza itakuonyesha asilimia iliyobaki. Usiguse BIOS kabla haijafika mwisho, kwa sababu mabadiliko ya BIOS kwenye diski iliyosimbwa ndiyo huleta kile kioo cha bluu kinachodai tarakimu 48 ambazo mwenye mashine hajawahi kuziona maishani.

Sasa tengeneza njia ya kurudi. Dell, HP na Lenovo, kila mmoja ana programu ya bure inayotumia namba ya mashine kutengeneza flashi yenye mfumo uleule uliotoka kiwandani. Andaa flashi ya GB 32 kwa ajili hiyo. Ikiwa mtengenezaji hana huduma hiyo, andika RecoveryDrive kwenye nafasi ya kutafutia ya Windows, ukubali kunakili mafaili ya mfumo, na uache ifanye kazi. Njia ninayoipendelea mimi ni ya tatu: kuchukua picha nzima ya diski kwa programu ya Clonezilla na kuiweka kwenye diski ya nje, kwa sababu inabeba kila kitu kilivyokuwa, pamoja na mipangilio ambayo mwenye mashine hakukumbuka kukutajia. Clonezilla hunakili sehemu zenye data tu kama diski haijasimbwa. Ikiwa imesimbwa hulazimika kunakili diski nzima hata sehemu tupu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutanguliza kuifungua.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni kutoa draiva. Windows 11 iliyomo tayari ina draiva za kila kifaa cha mashine hiyo, na nyingi kati yake zinafanya kazi pia kwenye Windows 10. Chomeka diski ya nje, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, kisha uandike amri hii ukibadilisha D kuwa herufi ya diski yako:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Ukitaka kujua mapema draiva ipi itakataa, fungua faili lake lenye kiishio cha inf kwa Notepad na utazame sehemu iliyoandikwa Manufacturer. Pakiwa na alama inayoishia na 22000 au namba kubwa zaidi, draiva hiyo imefungiwa Windows 11, kwa kuwa 22000 ndiyo namba ya ujenzi wa toleo la kwanza la Windows 11. Hiyo itabidi utafute toleo lake la zamani.

Mafaili ya mwenye mashine yanakiliwe mara mbili, kwenye diski mbili tofauti. Hata kompyuta ya juzi huwa na picha za harusi.

Faili la Windows 10 na flashi ya kusakinishia

Pakua Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft, toleo la 22H2, ambalo ndilo la mwisho. Flashi zenye Windows “iliyokwisha kufunguliwa leseni” zinazozunguka kwa mafundi ziepuke kabisa: aliyeifungua leseni aligusa mafaili ya mfumo, na hakuna njia ya kujua aligusa nini kingine. Kwa mashine itakayohifadhi mahesabu ya duka au nywila za benki, hilo pekee linatosha.

Ukipakua faili lote la ISO, yaani faili moja lenye kisakinishi kizima, jiandae kwa GB 5 hadi 6. Kwa intaneti ya Mbps 2, kiasi hicho huchukua takriban saa sita, na kiungo cha kupakulia kinachotolewa na Microsoft hufa baada ya saa 24. Anayepakua kwa kifurushi cha usiku na kusitisha kila asubuhi anaweza kukuta usiku wa pili kiungo kimekufa na faili liko nusu. Ni afadhali kulipakua siku moja mahali penye faiba, ukalihifadhi kwa kazi zote zijazo. Likishafika, lihakiki kwa PowerShell:

Get-FileHash D:\Win10.iso

Safu ndefu ya herufi na tarakimu itakayotokea ilingane na iliyotolewa na Microsoft kwenye ukurasa wa kupakulia. Isipolingana, faili limeharibika njiani, nalo litakuangusha katikati ya usakinishaji kwa ujumbe usioeleweka.

Andika flashi, ya GB 8 au zaidi, kwa programu ya Rufus, ukichagua GPT na UEFI, yaani mpangilio wa diski na njia ya kuwaka ya kompyuta mpya. Flashi hiyo itafutwa yote. Rufus hufaa kwa sababu faili kubwa lililomo ndani ya ISO huzidi GB 4, kipimo ambacho mpangilio wa FAT32 hauwezi kukivuka, nayo Rufus hulimaliza tatizo hilo yenyewe. Programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi nayo ni nzuri, ila hupakua upya kila unapoitumia, na hilo kwa bando zetu si jambo dogo.

Kama mwenye mashine ya Home amenunua leseni tofauti ya Pro, fungua Notepad, andika mistari minne ifuatayo, na uhifadhi faili kwa jina ei.cfg ndani ya folda ya sources kwenye flashi. Kisakinishi kitaacha kuchagua chenyewe na kitakuonyesha orodha ya matoleo:

[Channel]
Retail
[VL]
0

Kwenye flashi hiyohiyo weka folda ya draiva uliyotoa, na draiva ya diski ya Intel, ambayo umuhimu wake unafuata.

Diski isiyoonekana

Tatizo linalowakwamisha mafundi wengi kwenye mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea ni kufika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na kukuta ukurasa mtupu. Diski ni nzima. Imewekwa nyuma ya kidhibiti cha Intel kiitwacho VMD, na kisakinishi cha Windows 10 hakina draiva yake. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuingia BIOS na kuizima VMD. Ni ya haraka, lakini ukija kuirudisha picha ya Windows 11 uliyochukua, itakataa kuwaka hadi VMD iwashwe tena, na aliyeizima anaweza kuwa ameshasahau. Ya pili, ambayo naishauri, ni kuiacha VMD ilivyo na kumpa kisakinishi draiva. Pakua SetupRST.exe ya modeli yako kutoka kwa mtengenezaji au Intel, kisha uifumue kwa amri hii:

SetupRST.exe -extractdrivers D:\rst

Nakili folda hiyo kwenye flashi. Ukifika kwenye ukurasa mtupu, bonyeza Load driver, ielekeze huko, chagua jina lenye VMD, na diski itajitokeza papo hapo.

Katika BIOS yenyewe hakuna mengi ya kubadilisha. Kinga za Secure Boot na TPM ziache zimewashwa, kwani Windows 10 inaishi nazo vizuri. Secure Boot izimwe kwa muda tu ikiwa flashi inakataliwa, na iwashwe tena baada ya kazi. Kuchagua flashi wakati wa kuwasha, kwa kawaida ni F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, Esc kwa Asus, na F12 kwa Acer baada ya kuiruhusu kwanza ndani ya BIOS kwa F2. Badiliko lolote utakalofanya liandike.

Kusakinisha

Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Kwa kompyuta ya mezani, UPS ni lazima; umeme ukikatika wakati patisheni (migawanyo ya diski) zinaandikwa, utaanza upya, na ukikatika wakati wa kusasisha BIOS, mashine inaweza isiwake tena. Chomoa diski za nje zote isipokuwa flashi, pamoja na ile yenye picha ya Windows 11, ili usije ukafuta usichokusudia. Kipanya cha waya kiwe karibu, kwa kuwa tachipedi ya mashine mpya mara nyingi haifanyi kazi hadi draiva yake iwekwe.

Kisakinishi kikiuliza ufunguo, chagua I don't have a product key. Kwenye aina ya usakinishaji chagua Custom. Utaona Drive 0 ikiwa na patisheni kadhaa: ndogo ya System, nyingine ya MB 16, ile kubwa yenye Windows, na moja au mbili za Recovery. Kwa kuwa njia ya kurudi unayo tayari nje ya mashine, zifute zote hadi ubaki mstari mmoja ulioandikwa Unallocated Space, uuchague huo na ubonyeze Next. Kisakinishi kitazigawa upya chenyewe. Asiye na picha wala flashi ya kurejeshea asifike hapa.

Mafaili yakishanakiliwa, mashine hujizima na kuwaka. Chomoa flashi wakati huo, vinginevyo unaweza kurudishwa mwanzo. Kwenye maswali ya mwanzo usiunganishe intaneti: chagua I don't have internet, kisha Continue with limited setup, utengeneze akaunti ya ndani. Mashine ikiingia mtandaoni mapema huanza kujipakulia draiva na masasisho kabla hujaweka zako, na bando la mteja huisha kabla kazi haijaanza.

Draiva baada ya usakinishaji

Rudisha folda ya draiva kwa amri moja, kwenye dirisha lenye mamlaka ya msimamizi:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Baadhi ya mistari itasema imeshindwa, na hiyo ni kawaida. Washa upya, kisha bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start na ufungue Device Manager. Kila pembetatu ya njano ni kifaa kisicho na draiva. Vitibu kwa mpangilio: chipuseti kwanza, kisha Serial IO ya Intel ambayo ndiyo huiamsha tachipedi, kisha picha, Wi-Fi na Bluetooth, mwisho sauti na kamera. Kifaa kisichojulikana kina utambulisho wake: bonyeza kulia, Properties, Details, halafu Hardware Ids. Namba zinazofuata VEN zinamtaja mtengenezaji na zinazofuata DEV zinakitaja kifaa. Kwa mfano VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek na VEN_14C3 ni MediaTek. Ukizitafuta mtandaoni pamoja utajua unatafuta draiva ya nini, badala ya kupakua zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote, ambazo huacha uchafu mwingi kuliko msaada.

Kama Wi-Fi ndiyo iliyogoma, chomeka simu ya Android kwa waya na uwashe USB tethering. Windows 10 huitambua simu kama kadi ya mtandao bila draiva ya ziada, nawe utapakua kinachokosekana.

Kabla ya kumkabidhi mwenye mashine, funga kifuniko, subiri kidogo, ufungue. Mashine isiyoamka usingizini, au inayoendelea kupata joto ikiwa imefungwa ndani ya begi, ina tatizo la draiva ya chipuseti au ya picha, na ni vizuri uligundue wewe kabla yake.

Leseni, masasisho na kuizuia Windows 11 isirudi yenyewe

Unganisha intaneti na uandike slmgr /xpr. Ukiona ujumbe kwamba mashine imeamilishwa kwa kudumu, leseni imekubali, kwa kuwa ufunguo wa Windows 11 uliomo kwenye bodi mama kwa kawaida huitikia Windows 10 ya toleo lilelile. Isipokubali, kwanza hakiki kwamba hukuweka Pro kwenye mashine yenye ufunguo wa Home. Kumbuka pia kwamba kuitikia kwa ufunguo hakubadilishi masharti ya leseni yaliyoelezwa mwanzoni.

Kwa sababu mashine ni mpya na inakidhi masharti yote ya Windows 11, Windows Update itaanza kuibembeleza ipande tena, na mtumiaji mmoja wa dukani akibonyeza kitufe kisichostahili kazi yote hupotea. Izuie kwa amri hizi tatu:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f

Masasisho ya usalama hayaguswi na amri hizo. Yaruhusu yote, kisha ujiandikishe kwenye mpango wa ziada kupitia Settings, Update & Security, Windows Update. Mpango huo unadai toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipiwa dola 30 za Marekani, au kupatikana bila malipo kwa kukubali kuhifadhi mipangilio ya mashine kwenye akaunti hiyo. Kinga ya Microsoft Defender itaendelea kupata orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini orodha ya virusi haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo mashine ya kudarizi ambayo haihitaji intaneti itolewe mtandaoni kabisa mara kazi inapokamilika, na michoro ipelekwe kwa flashi. Mashine ya mhasibu anayetumia benki mtandaoni isiachwe kwenye Windows 10 baada ya masasisho ya ziada kuisha.

Kurudi Windows 11

Siku mwenye programu atakapotoa toleo jipya, au mashine itakapouzwa, rejesha kwanza mipangilio yote ya BIOS uliyoandika, hasa VMD na Secure Boot, ndipo urudishe picha ya Clonezilla au uwashe kwa flashi ya mtengenezaji. Anayetaka kubaki na mafaili na programu zake anaweza kuziondoa zile amri tatu, kwa kuandika reg delete badala ya reg add na kuishia kwenye jina la kila thamani, kisha kuiacha Windows Update ipandishe mashine yenyewe. Leseni itaitambua bodi mama bila kuulizwa ufunguo. Baada ya kupanda kwa njia hiyo kuna siku 10 ambazo Settings bado inaonyesha kitufe cha Go back, na katika siku hizo kijaribu kile kidude cha leseni, ukaskani ukurasa mmoja kwenye fotokopi, na uchapishe risiti moja.